Ndege kijani wa Grauer: kutoka Goma hadi Ruhija, nipange vipi?

Kasuku_wa_Himbi:
Jambo ndugu zangu. Natafuta Pseudocalyptomena graueri, yule kijani mwenye koo la buluu. Najua yuko kwetu Kongo, Itombwe na Kahuzi-Biega, ila kwa usalama ulivyo nimechagua msitu wa Bwindi, Uganda, upande wa Ruhija. Nina siku tatu na darubini ya 10x42 (inakuza mara 10, kioo cha mbele ni milimita 42). Nipite wapi, na msituni nifanyeje?

Mama_Tausi:
Kaka, anza na karatasi. CPGL, ile karatasi ya kuvukia mipaka ya nchi za Maziwa Makuu, inaishia Rwanda na Burundi, Uganda hawaipokei. Beba paspoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Njia ni Grande Barrière (mpaka wa Goma na Rwanda), Gisenyi, Musanze, Cyanika (mpaka wa Rwanda na Uganda), Kisoro, kisha barabara ya Kabale mpaka Muko. Hapo unakata kupanda Ruhija. Kipande hicho cha mwisho ni udongo, mvua ikinyesha pikipiki inateleza vibaya. Ukiendesha mwenyewe, Cyanika ndipo unapohamia mkono wa kushoto. Saa nayo: saa moja asubuhi ya Ruhija ni saa kumi na mbili ya Goma. Geuza saa yako mpakani, la sivyo utakuta kikundi cha watazama ndege kimeshashuka msituni. Lala Ruhija, usilale Kisoro. Na kwa siku tatu huna siku ya akiba, kwa hiyo epuka miezi ya mvua, Machi–Mei na Septemba–Novemba.

Mguu_Matopeni:
Njia ni ile inayoteremka kwenye kinamasi cha Mubwindi. Unakwenda na kiongozi na askari wa hifadhi, kwa sababu kuna tembo.

Wengi wanamkosa kwa kutafuta ndege mkubwa. Huyu ana sentimita 12 hivi, na hupenda kutulia kwenye tawi kati ya majani ya rangi yake mwenyewe. Sauti ni nyembamba na dhaifu, usiitegemee. Likipita kundi la ndege mchanganyiko, usifuate wanaorukaruka mbele tu. Rudi nyuma, pekua tawi kwa tawi, kuanzia vichakani mpaka kileleni. Ukiona kijani, tazama jicho: duara jeupe ni kinengenenge, ndege mwingine. Wetu ana mstari mweusi machoni, utosi wa kahawia hafifu wenye michirizi, na buluu mahali pawili, kooni na chini ya mkia. Ukimtazama kutoka chini, hiyo ya mkia ndiyo inayokutoa wasiwasi.

Ukifika kinamasini usigeuke haraka: Bradypterus graueri, ndege mwingine mdogo mwenye jina la Grauer, anaishi mlemle kwenye majani marefu ya maji.

Kasuku_wa_Himbi:
Aksanti sana. Na hiyo 10x42 inatosha?

Mguu_Matopeni:
Inatosha, ila ukipata ya kuazima ya 8x42 chukua hiyo. Gawa 42 kwa 8, unapata duara la mwanga la milimita 5.25 jichoni, kwa 10 ni 4.2. Chini ya miti tofauti hiyo inaonekana, na uwanja mpana wa ile ya 8 unakusaidia kumpata ndege kabla hajahama. Asubuhi kuna baridi, usipumulie vioo.

Mama_Tausi:
Suruali ingiza ndani ya soksi, siafu wa njia ile hawana huruma. Maji lita mbili, na usiyamalize kinamasini: kurudi ni mlima mtupu. Na usicheze sauti yake kwenye simu. Akiwa karibu na kiota unamsumbua bure.

Kasuku_wa_Himbi:
Sawa mama. Naomba ruhusa kazini Julai.