Nimepigwa 185,000 Arusha: kisu cha "porini" kumbe ni kijiko chenye mpini!

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na bandeji kiganjani, nabonyeza kwa kidole kimoja, kwa hiyo mtanisamehe herufi zikipishana. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, mimi leo natema nyongo.

Mwezi uliopita niliingia duka moja hapa mjini linalouza vifaa vya kambi: mahema, mifuko ya kulalia, buti za mtumba zilizopigwa rangi zikang'aa kama za harusi. Jina silitaji, mods wasije wakafunga uzi kabla sijamaliza. Nilikuwa natafuta kisu kisichokunjwa, cha kutembea nacho porini. Sio cha kumenyea viazi. Nataka nipasue kuni nacho, nichonge vigingi vya hema, nichinje kuku, nikwangue cheche za kuwashia moto, halafu nikifute nikirudishe kwenye ala.

Kijana wa dukani ana mdomo wa asali. Akanitolea dude jeusi, nene, milimita 5 mgongoni, meno ya msumeno juu, ribiti tatu za shaba zinameta kwenye mpini, na ubapani kumegongwa "440C", jina la aina ya stenlesi ngumu ya visu. "Bosi wangu, hiki ndicho wanachotumia waongoza watalii wa mlimani. Unapasua gogo, unapasua mfupa, unamrithisha mwanao."

Hapo hapo ningestuka. Kilimanjaro kuwasha kuni hifadhini ni marufuku miaka mingi, wapishi wanabeba gesi. Sasa mwongoza watalii anapasua gogo la nani? Lakini nilishaanza kukipenda, na mtu akishapenda ndio basi tena.

Akamalizia na mchezo wa sumaku. Akatoa kisumaku droo, akakibandika kwenye ubapa, kikaanguka. "Umeona? Haishiki. Hiyo ndiyo stenlesi halisi, haitakaa ishike kutu." Mimi na elimu yangu yote nikatikisa kichwa kama mjusi. Nikahesabu 185,000. Risiti? "Mashine ina tatizo la mtandao bosi, pita kesho."

Twende Longido. Mimi, shemeji yangu na vijana wawili wa dada, tumelala chini ya mlima. Usiku ikapiga mvua ya nguvu, asubuhi kuni zote zimelowa. Wanaojua wanajua, kuni ikilowa unaipasua, moyo wake ndani huwa mkavu, unatoa vipande vyembamba unawasha navyo. Unaweka makali juu ya kipande, unagonga mgongo wa kisu kwa kijiti kizito, kinashuka taratibu. Kipande chenyewe cha mgunga, hakizidi unene wa mkono wangu.

Pigo la kwanza, la pili, nikaona makali yamejikunja pembeni kama karatasi ya sigara. Nikajiambia labda ni fundo. Pigo la sita au la saba nikasikia "tak!", mkono ukashuka na mpini peke yake, ubapa ukaruka. Umepita sentimita chache kutoka goti la mtoto wa dada yangu, akiwa amechuchumaa anapuliza moto. Mimi kiganja kikajikwangua kwenye kile kisiki cha chuma kilichobaki. Damu sio shida. Shida ni lile goti. Ningemwambia nini dada?

Alikuwepo morani mmoja na mbuzi wake, ametusimamia tangu mwanzo. Akauliza bei. Nikapunguza, nikasema elfu themanini, aibu. Hakucheka, nampa heshima hiyo. Akasema tu "pole rafiki", akachomoa sime lake kwenye ala nyekundu, akanipasulia kuni zote ndani ya dakika tano, akaendelea na mbuzi. Sime la springi ya gari, halina jina wala namba.

Nimerudi mjini Jumatatu nikaenda Unga Limited kwa fundi mmoja mtu mzima. Akaukata mpini kwa msumeno, mimi naangalia. Wakuu, ndani ya mpini mlikuwa na PLASTIKI. Msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini, ulikuwa na urefu wa kifundo cha kidole gumba. Mwisho wake wamechomelea nondo nyembamba ya nati, na ndipo ilipokatikia, kwenye kidonda cha kuchomelea. Na zile ribiti tatu zilizonifanya niamini kuna chuma mpaka mwisho? Vifuniko. Vimebandikwa kwa gundi juu ya plastiki, havishiki kitu chochote. Fundi alizing'oa kwa kucha, moja, mbili, tatu, akazipanga mezani kama vifungo vya shati.

Kutumia msuka mfupi naweza kusamehe. Kuna mtu ametengeneza ribiti za uongo. Amekaa kiwandani akawaza: mnunuzi atatafuta ribiti, tumpe picha ya ribiti.

Halafu sumaku. Fundi alipokuwa anacheka nilifikiri anacheka mpini. Kumbe anacheka sumaku. Alichukua sumaku ya spika mbovu, akaigusisha kwenye tupa yake: ikashika. Kwenye kisu cha mke wake cha jikoni, stenlesi kabisa: ikashika. Kwenye kijiko cha chai: haikushika. Kwenye dude langu: haikushika. "Wewe umenunua kijiko," akasema.

Kwa msiojua kama nilivyokuwa sijui: stenlesi ziko aina nyingi. Ile ya visu hukubali kutiwa matiko, yaani inachomwa moto mkali, inapoozwa ghafla, inakuwa ngumu, na hiyo inashika sumaku. Ile ya vijiko na masufuria mengi haishiki sumaku, na ndiyo ile ambayo hata uichome mpaka Krismasi haitakuwa ngumu. 440C ya kweli ina kaboni karibu asilimia 1 na kromiamu asilimia 16 hadi 18, na inanasa sumaku vizuri tu. Kwa hiyo yule kijana alinionyesha mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba maandishi ya kwenye ubapa ni uongo, na mimi nikamlipa kwa onyesho hilo.

Fundi akapitisha tupa kwenye makali. Chuma kilichotiwa matiko, tupa huteleza kama kwenye kioo. Hapa tupa ilikula kama inakula muhogo.

Nikampigia muuzaji. Nayaandika kama yalivyokuwa.

"Bosi, kisu sio shoka."
"Mdogo wangu, si wewe uliyeniambia kinapasua gogo?"
"Ah, ile ni lugha ya biashara tu bro."

LUGHA YA BIASHARA. Akaongeza kwamba nimekitumia vibaya na kwamba mali ikishauzwa hairudi. Hasira yangu yote iko hapo. Angekiuza elfu kumi na tano akaniambia "bro hiki cha kukatia nyanya", ningenunua, ningekatia nyanya, tungebaki marafiki.

Kabla hamjaja na ile ya "ungenunua full tang", yaani chenye msuka unaofika mpaka mwisho wa mpini: nimesoma usiku kucha na nimegundua hata hilo sio jibu lote. Kuna kisu kinaitwa Mora Companion, cha Uswidi, ubapa wake unene ni milimita mbili na kitu tu, urefu kama sentimita 10, na msuka wake haufiki mwisho wa mpini. Watu wanachongea na kupasulia vijiti vidogo miaka nenda rudi, kwa sababu chuma chake ni cha kweli na hawakukudanganya kuhusu kilichomo ndani. Anayetaka chuma mpaka mwisho kuna ndugu yake Garberg, milimita 3.2. Linganisha na milimita 5 zangu za kijiko. Unene ndio ulionidanganya, nilidhani kinene ni imara. Dude lile hata kuchonga kigingi lilikuwa linararua mti badala ya kuukata. Na yale meno ya msumeno yanaishia kula kijiti unachogongea. Mgongo wa kisu cha porini uwe mtupu, bapa, wenye kona kali, ndipo kile kijiti cha chuma unachokikwangua kupata cheche kinatoa moto.

Lawama yangu mimi? Ipo. Sikuangalia ukingo wa mpini. Msuka mzima unauona kwa macho, mstari wa chuma umezunguka mpini mzima kati ya vipande viwili vya mti. Kwenye changu palikuwa na raba nyeusi imefunika ukingo wote, na nilisifia raba.

Fundi amenianzishia kipya cha springi ya Land Rover, elfu thelathini, mpini wa mninga. Ni kibaya wa sura, na kitashika kutu nisipokipaka mafuta, ameniambia mwenyewe kabla sijauliza. Pale Mamba, Marangu, wahunzi wa Kichaga wanafua chuma vizazi na vizazi, na sisi tunakimbilia vya kwenye maboksi. Haya, mwenye kumjua mhunzi mzuri upande wa Moshi aweke hapa, nina rafiki anataka.

Na swali kwa wanasheria wa humu: FCC, ile Tume ya Ushindani, wanashughulika na bidhaa bandia, sawa, ila mimi sina risiti. Nina muamala wa simu wenye jina la mwenye duka, nina kisu nusu, nina ribiti tatu za gundi. Inatosha?

NYONGEZA saa 4 usiku: jamaa kaona uzi. Kanitumia meseji, anasema atanirudishia elfu hamsini nikiufuta. Nimemjibu 185,000 yote na amtumie mtoto wa dada salamu za pole. Amesoma, kimya. Uzi haufutwi.