Mary Harney wa Ireland: alihama chama au alifukuzwa?

Kasuku Mweusi: Wakuu, huyu mwanasiasa alilelewa na Fianna Fáil, chama kikubwa cha Ireland. Waziri mkuu Jack Lynch alimteua seneta mwaka 1977, binti wa miaka 24 tu. Mwaka 1985 akatoka, akaanzisha Progressive Democrats na mwanasiasa mwenzake Desmond O'Malley. Mwaka 1989 chama hicho kipya kikaingia serikalini na Fianna Fáil, chini ya kiongozi wake Charles Haughey, yule yule waliyempinga! Mimi naita kufuata ulaji.

Mwanakwetu: Mkuu, alifukuzwa! Mwaka 1985 waziri mkuu Garret FitzGerald alisaini mkataba na Uingereza kuhusu Ireland Kaskazini, Haughey akataka wabunge wake waupinge, Harney akaupigia kura ya ndiyo. Mwenye njaa ya cheo hathubutu hilo. Na ndiye aliyepiga marufuku makaa ya mawe yenye moshi Dublin mwaka 1990. Watu wanapumua kwa ajili yake.

Bi Mkora: Makaa tena! Mliokuwa na hita za gesi mlishangilia. Aliyekuwa na jiko la makaa sebuleni na watoto wanne, nani alimuuliza?

Mwanakwetu: Dada, Januari 1982 moshi ulitanda pale siku kadhaa, na vifo hospitalini vikapanda. Unadhani waliokufa ni matajiri? Baada ya marufuku moshi mweusi ulipungua kwa kama 70%.

Bi Mkora: Usinifundishe umaskini, kaka. Nimeuliza nani aliulizwa, wewe unanipa asilimia.

Fundi Saa: Hewa safi haihitaji kura ya maoni, Bi Mkora. Mapafu ya mtoto hayasubiri.

Kasuku Mweusi: Jamani, mada ni kuhama chama!

Bi Mkora: Haya, mapafu. Alikuwa waziri wa afya tangu 2004, na wagonjwa wakilala kwenye machela koridoni, mzee na dripu yake, watu wanampita. Mwaka 2006 mwenyewe akaiita dharura ya kitaifa. Mapafu hayo hayakuwa na haraka?

Mwanakwetu: Machela alizikuta. Angalau yeye alilitaja tatizo kwa jina lake.

Kasuku Mweusi: Chama chake kikavunjwa 2009, yeye akabaki wizarani bila chama mpaka Januari 2011. Huyo ndiye asiye na njaa ya cheo, Mwanakwetu?

Mwanakwetu: Wewe jibu kwanza la kura ya 1985.

Fundi Saa: Na Bi Mkora ajibu la moshi.