Vyeti vya wasambazaji vinaisha kwa tarehe tofauti: mnavifuatiliaje?

Ofisa wa ununuzi, Diani

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote. Ninasimamia ununuzi katika hoteli moja ya pwani ya kusini, na tuna wasambazaji wapatao 60, kuanzia wauza nyama na samaki hadi mafundi wa majokofu. Mwezi uliopita mkaguzi alifungua faili la muuza nyama wetu akakuta kwamba cheti chake cha ushuru cha KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) kilikuwa kimeisha majuma 7 yaliyopita, na vyeti vya afya vya vijana wake wawili wanaobeba nyama vilikuwa vimeisha pia, na muda wote huo sisi tuliendelea kumtolea LPO (hati ya kuagiza bidhaa). Jedwali la Excel tunalo na tarehe zimo, lakini halijafunguliwa tangu mwenzetu aliyelitengeneza alipoacha kazi. Naomba mnieleze mnavyofanya, hasa nyinyi ambao hamna programu ya bei ghali.

Mkaguzi wa ndani, Mombasa

Pole kwa yaliyokufika. Kwa maoni yangu kasoro haimo katika jedwali. Kasoro ni kwamba LPO yenu inaweza kutoka bila mtu kulitazama. Kwetu, anayetia sahihi LPO huandika kwanza juu yake, kwa mkono wake, tarehe ya cheti kitakachotangulia kuisha miongoni mwa vyeti vya msambazaji huyo, na ikiwa tarehe hiyo imepita, karatasi hubaki mezani mpaka meneja aandike uamuzi wake.

Tena, usivipe vyeti vyote kikumbusho kimoja cha siku 30. Cheti cha KRA hudumu miezi 12, na mwenye deni la kodi au ritani (taarifa za kodi) ambazo hakuziwasilisha hapewi kingine mpaka ayamalize hayo au, kwa deni, akubaliane na KRA mpango wa kulipa, kwa hiyo mimi huanza kumkumbusha siku 60 kabla. Cheti cha afya cha wanaoshika chakula hudumu miezi 6 tu. Ukikikagua mara moja kwa mwaka, nusu ya mwaka hujui lolote. Leseni nyingi za kaunti huisha Desemba 31 hata zikiwa zimelipiwa Juni, na Desemba ndio mwezi ambao hoteli zimejaa, basi zifuatilieni Novemba.

Wala msitosheke na nakala. KRA inaweza kukifuta cheti kabla ya tarehe yake, ilhali nakala iliyo kwenye faili lako itaendelea kuonekana nzima. Ingia iTax, tovuti ya KRA, tia nambari ya cheti mahali pa kuhakikishia, kisha andika siku uliyohakikisha na jina la aliyefanya hivyo. Nimewahi kushika nakala ambayo tarakimu ya mwisho ya mwaka ilikuwa na wino mzito kuliko zile za kando yake, na hilo niliona baada ya nambari kukataliwa, si kabla.

Muuza samaki, Kwale

Naomba niseme kwa upande wa sisi tunaoleta mzigo. Nahudumia hoteli tatu, na kila moja huniomba vyeti vilevile kwa wakati wake. Barua isemayo tu kwamba nyaraka zangu ziletwe upya hunipotezea siku nzima. Ujumbe mfupi wa simu unaotaja cheti chenyewe na tarehe kinapoisha, ninaushughulikia siku hiyohiyo.

Jambo lililoniumiza zaidi ni hili: hoteli moja ilizuia malipo ya samaki ambao walikwisha pokelewa, kupikwa na kuliwa, kwa sababu leseni yangu iliisha majuma mawili baada ya kuwafikisha, na pesa hizo ndizo nilizozitegemea kulipia leseni mpya. Tafadhali, cheti kipimwe kwa siku ya kupokea mzigo, si kwa siku ya kulipa.

Ofisa wa ununuzi, Diani

Ahsanteni sana, na hilo la malipo nitalipeleka kwa mhasibu wetu leo, kwa kuwa nasi tumewahi kulifanya. Limebaki swali moja: nyama ya kiwango tunachokitaka tunaipata kwa mtu huyo mmoja tu. Nikimsimamisha, jiko linakaa bila nyama.

Mkaguzi wa ndani, Mombasa

Nakubaliana na ndugu yetu wa samaki kikamilifu. Kuhusu swali lako, tenganisha vyeti vya karani, yaani vya makaratasi tu, na vyeti vinavyomlinda mlaji. Kwa cheti cha KRA, meneja anaweza kuridhia msambazaji aendelee kwa siku 14, kwa maandishi, pamoja na ushahidi kwamba ombi la cheti kipya limekwisha wasilishwa. Siku hizo zikiisha, haziongezwi. Kwa cheti cha afya hakuna muda wa kuridhiana: kijana ambaye cheti chake kimeisha habebi nyama yenu, na bosi wake amlete mwingine mwenye cheti. Lakini msikusanye majibu ya vipimo vyao, kwani habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Jina, nambari ya cheti na tarehe vinawatosha. Na anza leo kumtafuta muuza nyama wa pili, umsajili na kumkagua angali hahitajiki.