Mafundi wa seva mnaofungua kila kitu kwa chmod 777, mmetuumiza

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitaificha, mtanisamehe. (chmod 777, kwa wasioijua, ni amri ya Linux inayompa kila mtu ruhusa zote kwenye faili au folda.)

Mimi ni mwalimu wa hisabati kwenye shule moja ya bweni huku mkoani. Kwa sababu najua kidogo mambo ya kompyuta nimebebeshwa na TEHAMA ya shule nzima. Mwaka juzi, kabla sijahamia hapa, shule ilimlipa fundi milioni moja na laki mbili awafungie seva ya kushea mafaili na printa nne. Kompyuta ilikuwa ya shule. Linux ni bure, Samba (programu ya kushea mafaili na kompyuta za Windows) ni bure, CUPS (programu ya kuendesha printa) ni bure. Kwa hiyo ile pesa yote ilikuwa malipo ya ujuzi wake, na leo nataka muuone huo ujuzi.

Alhamisi ya wiki iliyopita, saa nane mchana, nipo maabara ya kompyuta na kidato cha tatu. Binti mmoja mtulivu sana, asiyenyoosha mkono hata akijua jibu, akaniita kwa sauti ya chini. "Mwalimu, samahani, njoo uone hapa." Nikasogea. Alikuwa anatafuta folda ya mazoezi niliyowawekea, akaingia sehemu ya mtandao, akaikuta folda inaitwa SHULE. Ndani yake UHASIBU, TAALUMA, BWENI. Ndani ya TAALUMA, mitihani ya muhula. Hakuulizwa nywila, hakuulizwa jina. Fizikia kidato cha tatu ipo. Historia ipo. Hisabati ipo, ile niliyotunga mimi, na majibu yake ukurasa wa mwisho. Mtihani ulikuwa uanze Jumatatu.

Yule binti aliniita. Siwezi kuapa kwamba yeye ndiye wa kwanza kuiona hiyo folda.

Usiku huohuo tuliitana walimu tisa tukaanza kutunga upya mitihani kumi na moja. Mwalimu wa Kemia ana mtoto wa miezi minne, alikuja naye mgongoni. Dada yetu mchapaji alimaliza Jumapili saa nne usiku, macho mekundu. Hakuna aliyelipwa hata senti kwa kazi hiyo. Milioni na laki mbili ilishaliwa zamani.

Nilipompigia fundi kuomba nywila ya seva, akataka laki na nusu ya "usumbufu" ndipo anipe. Nywila ya seva ya shule! Nikakata simu. Nikaingia kwa njia ya recovery wakati mashine inawaka, nikaandika mount -o remount,rw / halafu passwd, nikaweka nywila mpya, nikaingia ndani. Nikafungua /etc/samba/smb.conf, faili la mipangilio ya Samba. Someni wenyewe:

server min protocol = NT1

[SHULE]
path = /srv/shule
guest ok = yes
writable = yes
create mask = 0777
directory mask = 0777
force user = root

Kwa wasiozoea, nieleze. guest ok maana yake yeyote anaingia kama mgeni, bila nywila. writable maana yake huyo mgeni anaandika, anafuta, anabadilisha. 0777 maana yake kila faili linalozaliwa humo linasomeka na kuandikika na kila mtu. Na ile ya mwisho, force user = root, ndiyo iliyonifanya nikae chini: kila anayeingia kwenye folda hiyo, awe mhasibu au mtoto wa kidato cha kwanza, seva inamhesabu kuwa ni root, bwana mkubwa wa mashine. Mtoto angeweza kufuta vitabu vya ada vya miaka miwili kwa kidole kimoja.

Na NT1 hiyo ndiyo SMB1 yenyewe, toleo la kale la lugha ambayo kompyuta hutumia kushea mafaili. Samba wameizima tangu toleo la 4.11, mwaka 2019. Seva yetu ni Ubuntu 20.04, imekuja ikiwa imezimwa. Ina maana fundi alikaa akaandika kwa mkono wake kuirudisha. SMB1 ndiyo mlango uliopitiwa na WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia, Mei 2017, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Mwezi huohuo likatangazwa tundu la Samba yenyewe, CVE-2017-7494, lililokuwepo tangu toleo la 3.5.0: mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda ya kushea aliweza kupakia faili lake na kuilazimisha seva iliendeshe. Liliishazibwa, ndiyo. Lakini mtu anayeishi kwa kazi hii anawezaje kusikia mambo ya mwaka ule, halafu akaja kwetu akaacha folda ya kuandika wazi kwa kila mgeni?

Na dalili zilikuwepo. Mwezi wa tatu shule ilinunua laptop mbili za Windows 11 Pro, toleo la 24H2. Zikagoma kuingia SHULE. Lazima zigome, kwa sababu toleo hilo halikubali kuingia kwenye seva kama mgeni asiye na nywila, na linataka mawasiliano yawe na saini ya kidijitali ya kuthibitisha hayajachezewa. Laptop zilikuwa zinatuambia ukweli. Fundi akaja, akachukua elfu themanini, akaingia kwenye registry (hifadhi ya mipangilio ya Windows) akawasha AllowInsecureGuestAuth, ile ruhusa ya kuingia kama mgeni, akazima na sharti la saini, akaondoka. Badala ya kutengeneza seva, akaziharibu na laptop.

Najua kwa nini wanafanya hivi. Kuweka ruhusa vizuri kunataka uulize watu. Nani anaingia uhasibu? Nani anasoma mitihani na nani anaiandika? Matron anahitaji nini? Hayo ni mazungumzo ya nusu siku na daftari mkononi. Fundi wetu hakumuuliza mtu hata mmoja, nimewazungukia wote. Alikuja asubuhi, kila alipokutana na "access denied" akapiga chmod -R 777, saa saba mchana akamwonyesha mkuu wa shule folda inafunguka, mkuu akasaini malipo. Kazi ilipimwa kwa kufunguka tu. Hakuna aliyejaribu kuona kama inakataa pale inapotakiwa kukataa.

Na kuifanya vizuri wala si kazi ya ajabu. Nimeifanya mimi, mwalimu wa hisabati, Ijumaa na Jumamosi, katikati ya kutunga mtihani. Nikaunda makundi matatu kwa groupadd: taaluma, uhasibu, bweni. Kila mfanyakazi nikamfungulia akaunti yake ya Linux isiyo na ruhusa ya kuingia kwenye seva moja kwa moja, nikampa nywila ya Samba kwa smbpasswd -a. (Hapa wengi wanakwama: nywila ya Samba inahifadhiwa peke yake, si ile ya Linux, na akaunti ya Linux lazima iwepo kwanza.) Folda ya taaluma nikaipa kundi lake kwa chgrp, halafu chmod 2770. Ile 2 ya mbele ndiyo inayofanya kila faili jipya lirithi kundi la folda, ili mwalimu wa Jiografia akiandika, mwalimu wa taaluma aweze kufungua. Ndani ya smb.conf nikaweka valid users = @taaluma, create mask 0660, directory mask 2770, hosts allow kwa mtandao wetu tu. Nikaongeza vfs objects = recycle ili kinachofutwa kiende kapuni kwanza. Nikapitisha testparm kuangalia makosa, nikawasha upya smbd, yaani Samba yenyewe. Basi.

Kilichonichosha ni Windows. Kompyuta zilikuwa zimeshaingia kama mgeni na zinang'ang'ania, maana Windows haitaki majina mawili tofauti kwa seva moja kwa wakati mmoja. Unaandika jina sahihi na nywila sahihi, inakataa, unajiona mjinga. Dawa ni net use * /delete kwenye kila kompyuta, kisha uingie upya. Nimezunguka kompyuta kumi na saba kwa miguu.

Sasa printa. Hapa ndipo walipoliwa pesa taratibu bila kujua.

Seva haikupewa anwani ya kudumu. Ilikuwa inapewa na ruta, 192.168.1.14, na kila kompyuta ilielekezwa kwenye namba hiyo. Umeme ukakatika usiku, ukarudi, ruta ikagawa upya, seva ikawa 192.168.1.23. Asubuhi printa zote "offline". Wakampigia fundi. Akaja, laki moja, akazunguka kila kompyuta akifuta printa na kuziweka tena kwa namba mpya. Miezi mitatu baadaye, umeme tena, namba tena, laki moja tena. Hakuna fundi wa mitandao asiyejua kwamba seva inatakiwa iwe na anwani isiyobadilika. Ni mistari michache kwenye netplan (mipangilio ya mtandao ya Ubuntu), au unaihifadhi kwenye ruta yenyewe. Dakika kumi. Kama hakujua, alichukua pesa ya kazi asiyoijua. Kama alijua, alituachia kidonda makusudi ili aendelee kuja kukifunga.

Printa ya ofisi ya taaluma nayo ilikuwa na tabia ya kusimama. Karatasi ikikwama, unaitoa, unafunga mlango, taa inakuwa kijani, lakini haichapi. Mchapaji alishazoea: anazima seva nzima kwenye swichi ya ukutani na kuiwasha. Swichi ya ukutani, wakuu, diski zikiwa zinaandika! Nikaangalia lpstat -p, foleni imezimwa. CUPS ilikuwa imewekwa stop-printer, yaani ikitokea hitilafu foleni inasimama mpaka mtu aifungue kwa cupsenable. Hakuna aliyemfundisha dada wa watu neno hilo moja. Nimebadilisha kwa lpadmin -p taaluma -o printer-error-policy=retry-job, na tangu Jumapili hajagusa ukuta.

Tena kuna hili. Tangu Agosti 2021, baada ya lile tundu la PrintNightmare, Microsoft waliamua kwamba kufunga draiva ya printa kutoka kwenye seva kunahitaji nywila ya msimamizi. Fundi alikwepaje? Aliwafanya walimu wote kuwa wasimamizi wa kompyuta zao. Kila mwalimu, kila flashi iliyookotwa, na nguvu zote za mashine. Mimi nimezipeleka printa moja kwa moja kwa CUPS kupitia IPP (lugha ya kuchapa kwa mtandao), bandari 631, nimeziweka mwenyewe mara moja kwenye kila kompyuta, na walimu nimewarudisha kwenye akaunti za kawaida.

Lakini linaloniuma zaidi ya yote ni kikao cha Jumanne. Mkuu wa shule, mzee ninayemheshimu, kasema mbele ya bodi: "Hii Linux imetuaibisha, tutafute fedha tununue seva ya Windows." Nikasimama kumjibu, sauti ikanitoka kwa shida. Samba aliianza Andrew Tridgell kule Canberra, Australia, kati ya Desemba 1991 na Januari 1992, na tangu hapo watu wa nchi nyingi wameijenga na kuitoa bure ili hata shule kama yetu iweze kushea mafaili bila kulipia leseni ya seva na leseni ya kila anayejiunganisha nayo. Hiyo pesa ya leseni kwetu ni madawati. Leo zawadi hiyo inaitwa takataka kwa sababu ya mistari sita iliyoandikwa na mtu mwenye haraka ya kulipwa.

Sitamtaja fundi wala ofisi yake, msiniulize inbox. Nilichoiambia bodi ni hiki: kuanzia sasa hakuna fundi atakayelipwa kabla ya kutukabidhi nywila zote na karatasi iliyoandikwa alichofunga, na kabla ya mwanafunzi mmoja kukaa kwenye kompyuta ya maabara, mbele ya bodi, akajaribu kufungua mitihani na akashindwa. Wamekubali, imeandikwa kwenye muhtasari.

NYONGEZA: Wanaouliza kwa nini NT1 iliwekwa, nimegundua. Nilipoifuta, mashine yetu ya fotokopi iligoma kutuma skani kwenye folda, ni ya zamani na haijui zaidi ya SMB1. Kwa hiyo sababu ilikuwepo, nakubali. Lakini kwa ajili ya mashine moja ya kuskani huwezi kuwashusha watu wote kwenye mlango mbovu, na hakuandika hata mstari mmoja wa maelezo pale juu. Sijairudisha NT1 na sitairudisha. Kwenye menyu ya mashine naona kuna FTP, njia nyingine ya kutuma mafaili. Nimeanza kujaribu vsftpd (seva ya FTP), mtumiaji mmoja aliyefungiwa ndani ya folda ya skani tu, na ufw (ukuta wa ulinzi wa seva) iruhusu anwani ya fotokopi peke yake. Aliyewahi kuifanya kwa mashine ya zamani naomba aniwekee hapa mistari yake ya vsftpd.conf, hasa upande wa pasv (namna seva inavyofungua bandari za kupokea mafaili), maana skani ya ukurasa mmoja inafika, ya kurasa nyingi inakatikia njiani, na mhasibu ana stakabadhi za muhula mzima za kuskani kesho asubuhi.