Naomba ushauri: bei moja kwa kitabu kizima inatuumiza, tutenganisheje uchapishaji na tafsiri?

MezaYaVitabu
Wakuu, habari za humu. Tuko watatu, tunahudumia waandishi wanaojichapishia wenyewe: kuhariri, kutafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza, kupanga kurasa, jalada, hadi faili za kiwandani na za kitabu pepe. Bei yetu ni moja kwa kitabu kizima, nusu mwanzo na nusu mwisho. Sasa mezani kuna riwaya ya Kiswahili ya maneno 62,000, na mwenyewe anataka toleo la Kiswahili na la Kiingereza yatoke pamoja ndani ya miezi 2. Bei tuikate kwa kigezo gani? Tafsiri itakuwa mali ya nani? Na tunamzuiaje mwandishi kuleta aya mpya wakati kurasa zimeshapangwa?

WinoMzito
Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalokula hela kimyakimya. Mkataba wenu hauna siku ya kufunga muswada. Uhariri ukikamilika, mwandishi asome faili zima, asaini kwamba haya ndiyo maandishi ya mwisho, ndipo mfasiri na mpangaji wa kurasa waguse. Kwa kazi ya lugha mbili hili halina mjadala: aya moja ikiongezwa baada ya hapo inatafsiriwa, inapitiwa upya, inasukuma kurasa, na namba za yaliyomo zinahama katika matoleo yote mawili.

Prufu, yaani kurasa zilizopangwa zinazotumwa kukaguliwa kabla ya kuchapwa, ni ya kusaka makosa, si ya kuandika upya. Andikeni kwamba bei inahusu raundi 2 za masahihisho, na kwamba raundi moja maana yake ni orodha moja katika faili moja yenye namba ya ukurasa na mstari, si sauti za WhatsApp saa tano usiku. Kinachozidi hulipiwa kwa saa. Wachapishaji wakubwa huweka ukomo wa mabadiliko ya mwandishi kuwa asilimia 10 au 15 ya gharama ya kupanga kurasa. Nanyi mnaweza kuweka.

Nusu kwa nusu iacheni. Inawafanya nyinyi mumkopeshe mteja katika miezi ambayo kazi ni nyingi zaidi. Gaweni asilimia 30 kusaini, 30 muswada kufungwa, 30 prufu kukubaliwa, 10 kabla faili safi hazijatoka. Prufu zipelekwe zikiwa na neno SAMPULI katikati ya kila ukurasa. Tafsiri iwe na ankara yake peke yake, isichanganywe humo.

Matini_Lengwa
Miezi 2 haitoshi, mkuu. Hesabu ni hii: mfasiri makini wa riwaya hutoa kama maneno 2,000 kwa siku. Maneno 62,000 ni siku 31 za kazi, yaani zaidi ya wiki 6, bila homa wala umeme kukatika. Kisha mtu wa pili alinganishe matini chanzi (maandishi ya awali) na tafsiri sentensi kwa sentensi, takriban maneno 1,000 kwa saa. Hizo ni saa 62, na kwa saa 5 za umakini kwa siku mnaongeza siku 12 au 13. Baada ya hapo kuna msomaji wa Kiingereza peke yake asiyeutazama Kiswahili kabisa. Mtu wa pili si anasa. Kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinamtaka, na sababu ni kwamba aliyeruka sentensi hawezi kuona kwamba aliiruka.

Kigezo cha bei kiwe maneno ya matini chanzi, kwa kuwa yanajulikana kabla ya kuanza. Lakini kiwango cha kwa neno kisifanane kwa pande zote mbili, na hapa ofisi nyingi ndogo hujipunja. "Hatutawasahau" ni neno moja. Kwa Kiingereza ni maneno matano. Mkitoza neno la Kiswahili sawa na neno la Kiingereza, anayetafsiri kutoka Kiswahili anaandika mengi zaidi kwa malipo yaleyale. Chukueni maneno 1,000 ya katikati ya kitabu (mwanzo huwa umepambwa kuliko kwingine), yatafsirini, hesabuni pande zote mbili, uwiano utakaotoka ndio mpangie kiwango.

Sheria_Kidogo
Kuhusu umiliki. Mkataba wa Bern wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kifungu cha 8, unampa mwandishi haki ya pekee ya kutafsiri au kuruhusu kazi yake itafsiriwe. Kifungu cha 2(3) kinailinda tafsiri yenyewe kama kazi asilia, bila kugusa haki za mwandishi. Kwa hiyo mkikaa kimya, mwandishi anaweza kulipa kila senti na bado asiwe na maandishi ya Kiingereza mkononi mwake kisheria. Mnahitaji karatasi mbili: mfasiri anawakabidhi haki kwa maandishi, nanyi mnazihamisha kwa mwandishi siku ankara ya mwisho inapolipwa, si kabla. Jina la mfasiri libaki kwenye ukurasa wa hakimiliki.

Muulizeni pia mwandishi kama hajawahi kusaini haki za tafsiri kwingine, na kama ndani kuna mashairi ya wimbo wa mtu. Ruhusa ya wimbo ni jukumu lake, iandikwe hivyo.

MezaYaVitabu
Asanteni sana. Mawili zaidi: mashine ikitoa rasimu ya kwanza tutaokoa muda? Na ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) moja inatosha matoleo yote?

Matini_Lengwa
Kwa riwaya ya Kiswahili, mashine inakwama kwenye kiambishi "a-". "Alimtazama, akacheka" haisemi ni mwanamume au mwanamke. Mashine inabahatisha, na ukurasa unaofuata inabahatisha vingine. Mhariri anayesahihisha hayo katika kurasa mia mbili hana muda aliookoa. Mkiitumia, mwandishi aambiwe na akubali kwa maandishi. Kwa vyovyote vile, mwombeni kabla ya kuanza orodha ya wahusika: jinsia, umri, nani ni shangazi wa nani, nani humwamkia nani shikamoo. Kuna waandishi ambao wameficha jinsia kwa makusudi hadi sura ya mwisho, na hilo mnataka kulijua mapema!

WinoMzito
ISBN moja haitoshi. Kila lugha na kila umbo lina yake: jalada jepesi la Kiswahili, EPUB (faili la kitabu pepe) ya Kiswahili, na Kiingereza vivyo hivyo, jumla 4. Kuchapa upya bila kubadili kitu hakuhitaji mpya. Amueni pia inachukuliwa kwa jina la nani, kwa sababu huyo ndiye anayesomeka kama mchapishaji. Kama nyinyi ni watoa huduma tu, ni busara mwandishi aichukue mwenyewe.

FundiKurasa
Nigusie yangu, maana jalada la Kiswahili msilitumie kwa Kiingereza kwa kubadili maneno tu. Unene wa mgongo unategemea idadi ya kurasa. Kurasa 256 ni karatasi 128. Kwa karatasi yenye unene wa milimita 0.1 mgongo ni milimita 12.8, na jalada lenyewe juu yake. Kosa la kila siku ni kuzidisha kurasa badala ya karatasi, mgongo unatoka mara mbili. Ulizeni kiwanda unene halisi wa karatasi yao, msibahatishe kwa gramu za uzito wake. Kama kiwanda kinakunja karatasi kubwa kwa mafungu ya kurasa 16, 250 zitakuwa 256, kwa hiyo jueni mapema kurasa 6 zitabeba nini. Ziada ya kukatwa milimita 3 kila upande, picha 300 dpi (nukta kwa inchi), fonti zote ndani ya PDF.

Kwa Kiswahili, maneno marefu yakinyooshwa pande zote mbili yanaacha mapengo mistarini. Programu ikikata maneno kwa kanuni za Kiingereza utapata "kit-abu". Zima hiyo, ukate baada ya irabu: ki-ta-bu, ku-mbu-ka. Ng', ny, sh, ch, dh, gh, th zisitenganishwe.

Halafu tafuteni kila "ng'" kwenye faili. Programu ikiidhani ni alama ya kufungua nukuu, "ng'ombe" inachapwa na kidoti kilichogeuka, na hutakiona kwenye skrini ndogo. Tafuta-na-badilisha moja kabla ya prufu ya kwanza, na nyingine baada ya masahihisho, kwa kuwa mwandishi akibandika maneno kutoka simuni yanarudi yaleyale.