Mkanda wa kale: askari wakipanda meli kwenda vitani

Kibokoni: Salaam wadau. Kuna mkanda wa milimita 35, bila sauti, futi 50 hivi, ndani ya kopo la bati huku Mji wa Kale. Askari wanapanda ngazi ya meli. Naweza kuupitisha kwenye projekta? Na ni wa lini?

FundiPicha: Usiupitishe, ndugu yangu! Mikanda ya enzi hizo ni ya nitreti, plastiki inayoshika moto upesi. Ukiwaka, maji hayauzimi, maana unajitengenezea oksijeni yake. Fungua kopo penye hewa, mbali na jiko na sigara. Ukinata au ukimwaga unga wa kahawia, usiukunjue, unaoza, na joto na unyevu wa hapa Mombasa huharakisha. Uweke pabaridi, pakavu, kopo lisizibwe kabisa, kisha uskaniwe fremu kwa fremu, yaani picha moja moja. Mkanda uliosinyaa huchanika matundu kwenye meno ya projekta.

Makupa: Kujua ni wa lini, anza na matundu ya pembeni mwa mkanda. Moja la duara kila upande wa fremu ni mtindo wa ndugu Lumière wa Ufaransa. Manne ni wa Edison, mvumbuzi wa Marekani, na wengi waliufuata. Mpiga filamu Dickson alisafiri na Jenerali Buller wa Uingereza kwenda Vita vya Makaburu, Afrika Kusini, kutoka Southampton, Oktoba 1899, melini Dunottar Castle, ila kamera yake ilitumia milimita 68, kwa hiyo huo wako si mkanda wake wa asili.

FundiPicha: Na kasi jamani! Futi moja ni fremu 16. Kwa fremu 16 kwa sekunde utapata sekunde 50. Ukiweka 24, zinabaki 33 na askari wanakimbia ngazini.