Je, niandae somo la kidijitali kwa kila mtindo wa kujifunza?

MwalimuWaFizikia anauliza:

Salamu, walimu wenzangu. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na mwanzoni mwa muhula niliwapa wanafunzi hojaji ya kubaini mtindo wa kujifunza wa kila mmoja. Majibu yaliwagawa katika makundi matatu: wanaojifunza kwa kuona, kwa kusikia na kwa kutenda. Kwa kuwa tuna kompyuta chache na projekta moja, nimekusudia kila mada iwe na video kwa kundi la kwanza, rekodi ya sauti kwa kundi la pili na majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta kwa kundi la tatu. Mada inayofuata ni sakiti za umeme, za mfuatano (balbu zikifuatana kwenye njia moja) na za sambamba (kila balbu kwenye njia yake). Kuandaa somo moja mara tatu ni kazi nzito, kwa hiyo kabla sijaendelea ningependa kuwauliza wenye uzoefu: je, faida yake inalingana na jasho lake? Na kama inalingana, ni programu zipi zitakazonipunguzia kazi?

MkufunziTehama anajibu:

Mwalimu, ninaanza na swali lako la kwanza, kwa kuwa jibu lake linalibadilisha la pili. Hojaji nyingi za aina hiyo zinafanana na mfumo wa VARK ambao Neil Fleming wa New Zealand aliutambulisha mwaka 1992 pamoja na mwenzake, na ambao unataja kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na kutenda. Huo si mfumo pekee. Mwaka 2004 Frank Coffield na wenzake nchini Uingereza walibainisha mifumo 71 ya mitindo ya kujifunza, idadi ambayo kwangu mimi ni dalili mbaya yenyewe, kwa sababu mwanafunzi yule yule huweza kubandikwa jina tofauti kila anapojaza karatasi tofauti.

Harold Pashler na wenzake, katika mapitio yao ya mwaka 2008, walichunguza hasa unalouliza: je, mwanafunzi aliyetajwa kuwa wa kuona hufaulu zaidi akifundishwa kwa picha, na wa kusikia akifundishwa kwa sauti, kuliko wakibadilishana? Walihitimisha kwamba ushahidi wa kutosha kuunga mkono dai hilo haupo, na kwamba tafiti kadhaa zilizopangwa ipasavyo zilitoa matokeo yanayolipinga. Kwa hiyo jasho la kuandaa mara tatu halina malipo, angalau si kwa sababu uliyoitarajia.

Hilo halina maana kwamba wanafunzi wako wanafanana. Tofauti yenye uzito mkubwa zaidi darasani ni ile ya maarifa waliyokuja nayo. Maelezo ya hatua kwa hatua humsaidia anayeanza, lakini huweza kumkwamisha yule anayejua tayari, na hapo ndipo kompyuta inapofaa, kwa kuwa mmoja anaweza kurudia sehemu ya video huku mwingine akisonga mbele.

Ushauri wangu ni kwamba chombo kichaguliwe kwa kuitazama mada. Matamshi ya lugha ngeni yanahitaji sauti kwa kila mwanafunzi, na umbo la bara linahitaji ramani kwa kila mwanafunzi, hata kwa anayependa kusikiliza. Mkondo wa umeme hauonekani kwa macho, hivyo kulipatia kundi moja rekodi ya sauti peke yake kuhusu sakiti ni kulionea. Tumia majaribio ya kuigiza ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni ya bure, mengi hupakuliwa yakatumika bila intaneti, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi huburuta betri, waya na balbu, akaunga sakiti na kuona mwanga unavyobadilika. Ila usiwaache wabofye tu. Kabla ya kuongeza balbu ya tatu, kila mmoja aandike anachotabiri kwa zile mbili za mwanzo katika mfuatano, kisha katika sambamba. Bila utabiri huo, jaribio linageuka mchezo wa kuwasha taa.

MwalimuElimuMaalumu anajibu:

Ninakubaliana na mkufunzi, lakini nina hofu moja. Nimewasikia walimu wakilipokea hoja hii kisha wakahitimisha kwamba nyenzo ya namna moja inawatosha wote. Kupenda ni jambo moja, na kuzuiwa ni jambo jingine kabisa. Mwanafunzi asiyeona hana "mtindo wa kusikia". Anachohitaji ni mlango wa kuingilia somo. NVDA, kisoma skrini (programu inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye skrini) kilichoanza kutengenezwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure kwa kompyuta za Windows. Hata hivyo, hakiwezi kuisoma picha isiyo na maelezo ya maandishi, wala ukurasa wa kitabu uliopigwa picha ukahifadhiwa kama PDF. Chapa maandishi yako yawe maandishi halisi. Kazi hiyo ndogo itamfaa pia mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi, ambaye anaweza kukuza herufi, kupanua nafasi kati ya mistari au kuiachia simu imsomee.

Kwa kiziwi, video iwe na manukuu, yaani maneno yanayosemwa yakiandikwa chini ya picha, nayo uyapitie mwenyewe, maana manukuu yanayotengenezwa na mashine hukosea mara nyingi kwenye istilahi. Mchoro wako usitegemee rangi peke yake kutofautisha waya, kwa kuwa wapo wasioweza kutenganisha nyekundu na kijani. Weka herufi pembeni. Tena, si majaribio yote ya PhET yanayofanya kazi na kisoma skrini. Ukiwa na mwanafunzi asiyeona, mpe betri halisi na mota ndogo badala ya balbu, aguse na kusikia mzunguko unavyopungua mota ya pili inapoungwa katika mfuatano.

MwalimuWaLugha anajibu:

Naomba kutofautiana kidogo. Wanafunzi wangu wanaposikiliza hadithi kwenye simu husoma kwa hamu kuliko ninapowapa kitabu. Hamu hiyo si kitu cha kudharau, na bila hojaji nisingeijua.

MkufunziTehama anajibu:

Hamu ina thamani, na kumpa mwanafunzi nafasi ya kuchagua ni jambo jema. Ninachokipinga ni jina analobandikwa, kwa sababu mtoto akishaambiwa kwamba yeye ni wa kusikia, anapata kisingizio cha kukwepa kitabu. Polly Husmann na Valerie O'Loughlin wa Chuo Kikuu cha Indiana walichapisha mwaka 2018 utafiti kuhusu wanafunzi wa anatomia: wengi hawakusoma kwa namna iliyolingana na mtindo waliotajiwa, na wale waliofanya hivyo hawakufaulu zaidi ya wenzao.

Niongeze jambo kuhusu manukuu. Tafiti za mwanasaikolojia wa elimu Richard Mayer zinaonyesha kwamba picha ikiambatana na sauti, kisha maneno yale yale yakaandikwa chini yake, mara nyingi msikilizaji hulemewa. Kwa hiyo manukuu yawe ya kuwashwa na kuzimwa, ili anayeyahitaji ayapate bila kuwasumbua wengine.

MwalimuWaFizikia anauliza tena:

Ninawashukuru. Nitaandaa somo moja lenye njia kadhaa za kulifikia. Limebaki suala la uchache wa kompyuta, na la upimaji: je, wote wafanye mtihani wa kuandika?

MwalimuElimuMaalumu anajibu:

Uchache wa kompyuta unavumilika. Onyesha sakiti kwa projekta, simama kabla ya kuwasha swichi, kila mwanafunzi aandike utabiri wake, kisha wawili wawili wabishane kabla ya kuona matokeo. Makundi yapokezane kompyuta, na anayeshika kipanya asiwe yule yule kila mara, la sivyo wenye haraka ndio watakaojifunza peke yao.

Kuhusu upimaji, wiki inayofuata uliza maswali machache yasiyo na alama, wajibu bila kutazama daftari. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba, baada ya siku kadhaa, waliojipima kwa kukumbuka walibakiwa na mengi zaidi kuliko waliorudia kusoma. Ama kwa jibu la mwisho, mmoja aandike, mwingine achore na kueleza, mwingine ajirekodi kwa simu, lakini wote wajibu swali moja na wasahihishwe kwa vigezo vile vile: je, ameeleza mkondo unagawanyika wapi, na kwa nini balbu moja ikiungua katika sambamba nyingine hubaki zikiwaka? Mwenye mchoro mzuri usiofafanua hayo hapati alama kwa uzuri wake.